Gari limekwama uani? Kubalini kuliuza kabla halijadhuru mtoto

SI ajabu siku hizi kukuta uani kwa mtu Subaru Impreza au Toyota Mark II imefunikwa turubai, haina tairi, injini imeshushwa. Baba aliinunua akitaka kuifanya gari la mbio, yenye turbo kubwa na rimu pana. Watoto wakazaliwa, ada zikaanza, fundi akapata kazi nyingine. Gari likabaki hivyo hivyo.

Mama akiuliza, jibu huwa lile lile: hela nyingi imeshazama humo. Lakini hela iliyokwisha kutumika hairudi kwa kusubiri. Mnunuzi hahesabu ulichotumia, anahesabu atakachotumia kulimalizia. Huku nyuma, kutu inakula bodi na mipira inakakamaa.

Hatari kwa watoto

Kwa mtoto, gari hilo ni mahali pa kuchezea. Gari lililofungwa vioo likiwa juani linaweza kuongezeka joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Anayejificha ndani ya buti wakati wa kombolela anaweza kushindwa kutoka.

Maji ya rangi yanayowekwa kwenye rejeta mara nyingi yana kemikali yenye ladha tamu, lakini ni sumu inayoharibu figo. Mtoto akiyanywa, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Usimtapishe, na uende na chupa yake. Betri nayo ina tindikali na madini ya risasi, na gari lililosimama kwenye jeki au matofali linaweza kumwangukia mtu.

Namna ya kuliuza

Kwanza, baba na mama wakae chini wakubaliane bei ya chini kabisa, tarehe ya mwisho na hela itakwenda wapi. Ikijulikana mapema kuwa ni ya ada au bima ya afya, baba huona anachopata, si anachopoteza tu. Mama naye asimcheke. Ndoto ile ilikuwa ya kweli.

Pili, andika orodha ya kweli: kilichofanyika, kilichobaki, kisichojulikana. Ambatanisha risiti. Mwache mnunuzi aje na fundi wake.

Tatu, kama vifaa vya asili bado vipo, viweke pamoja na gari. Turbo na rimu zinaweza kuuzwa peke yake, lakini bodi tupu hupata wateja wachache. Kama injini ilibadilishwa, hakikisha namba yake inalingana na iliyo kwenye kadi ya gari.

Mwisho, andikishianeni mkataba mbele ya mwanasheria na mkamilishe kuhamisha umiliki TRA. Usiishie kumkabidhi mtu funguo na kadi. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na kwenye kumbukumbu jina litaendelea kuwa lako.

Wakati mnunuzi akisubiriwa, fungeni milango na buti, na funguo ziwe mbali na watoto. Toeni betri. Maji ya rejeta yakingwe kwenye dumu lenye kifuniko na alama, si chupa ya soda. Kisha gari lirudishiwe tairi na lishushwe chini.