Si Mjinga, Si Mvivu: Mtoto Asiyeshika Herufi

Karibu katika kila darasa la tatu yupo mtoto ambaye walimu wamemchoka. Akisimulia hadithi ya sungura na fisi, wenzake huacha kucheza wamsikilize. Akitumwa dukani kununua sukari, chumvi na kiberiti, hurudi na chenji kamili. Lakini akipewa kitabu, anaduwaa. Husoma “baba” palipoandikwa “dada”. Neno alilolisoma vizuri mstari wa juu, mstari wa chini halijui tena. Huandika “goma” akitaka kuandika “ngoma”, na “ebe” akitaka “embe”.

Mwalimu anasema mtoto huyu hasikilizi. Baba anasema ni mvivu. Jirani ananong’ona kwamba amechezewa. Na mtoto mwenyewe, akisha kuyasikia hayo kwa miaka miwili au mitatu, anaanza kusema moyoni: Mimi ni mjinga.

Makala haya ni kwa ajili ya mama mwenye mtoto wa namna hii. Zaidi sana ni kwa ajili ya binti aliyeko chuo cha ualimu, ambaye karibuni atakabidhiwa chaki na darasa la watoto sabini, pengine na zaidi. Baadhi yao watakuwa kama mtoto huyu. Yatakayowapata hutegemea sana kile anachokijua mwalimu wao wa kwanza.

Mvulana wa mwaka 1896

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Seaford, kusini mwa Uingereza, aitwaye W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14, Percy. Mvulana huyu alikuwa mchangamfu, mwenye akili, na katika michezo hakuwa nyuma ya wenzake. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa amefundishwa tangu akiwa na umri wa miaka saba, tena kwa bidii, lakini kusoma kulimshinda. Hata jina lake mwenyewe aliliandika “Precy” badala ya “Percy”, na hakuona kosa.

Ajabu ni kwamba hesabu hazikumpa taabu. Alizidisha 749 kwa 867 upesi na akapata jibu sahihi. Tarakimu 7 aliitambua mara moja, lakini neno la Kiingereza la saba lilipoandikwa kwa herufi, hakulijua. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, Percy angekuwa kinara wa shule.

Hali hii wataalamu huiita disleksia, jina lililotolewa na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, katika miaka ya 1880. Siku zile walidhani ni aina fulani ya upofu wa maneno. Leo tunajua kwamba kwa watoto wengi tatizo haliko machoni. Liko katika namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Mara nyingi hutembea katika ukoo, hivyo usishangae baba au mjomba akikiri kwamba naye shuleni alihangaika hivyo hivyo. Na halihusiani na wingi wala uhaba wa akili.

Kusema huja kwenyewe, kusoma hufundishwa

Mtoto hahitaji kupelekwa darasani ili aseme. Karibu na mwaka mmoja hutamka neno la kwanza. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili: “maji taka”, “mama njoo”. Akiwa na mitano hubishana na wewe kutwa. Muumba amemwekea uwezo huo tangu tumboni.

Kusoma ni kitu kingine. Watu walianza kuandika yapata miaka 5,000 tu iliyopita, na hakuna mtoto anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyo tayari kwa kazi hiyo. Ni lazima ajengewe njia mpya, ya kuunganisha alama anayoiona kwa jicho na sauti anayoisikia kwa sikio. Kwanza atambue kwamba neno “kitabu” lina vipande vitatu, ki-ta-bu. Kisha atambue kwamba “ki” nayo ina sauti mbili ndani yake. Watoto wengi huivuka njia hiyo kwa mwaka mmoja au miwili. Mwenye disleksia naye huweza kuivuka, ila yeye anahitaji kushikwa mkono, hatua kwa hatua, na kurudia mara nyingi kuliko mwenzake.

Kiswahili kina nafuu yake. Herufi zetu ni za kweli: “a” ni “a” popote uikutapo. Katika lugha za namna hii, kama vile Kitaliano na Kifini, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hatimaye husoma kwa usahihi, lakini polepole na kwa kuchoka. Kiingereza hakina huruma hiyo. Maneno “cough”, “though” na “through” yanafanana machoni, lakini kila moja lina sauti yake. Ndiyo sababu kuna watoto wa Tanzania waliojikongoja mpaka wakamaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaanguka kabisa kidato cha kwanza, masomo yalipogeuka kuwa ya Kiingereza. Watu husema amebweteka. Kumbe mlima ule ule umeongezeka urefu.

Usikimbilie kutoa jina

Hata hivyo, si kila asiyejua kusoma ana disleksia. Tathmini ya Uwezo nchini Tanzania mwaka 2011 ilionyesha kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hatuwezi kusema saba waliobaki wote walikuwa na disleksia! Wengi walikosa nafasi ya kufundishwa vema, katika madarasa yaliyojaa na yenye vitabu vichache. Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, kwa sababu ya hali kama hiyo.

Basi kabla ya kumwita mtoto lolote, jiulize:

1. Je, anaona? Mkalishe mbele. Akinakili vizuri zaidi, apelekwe kupimwa macho.

2. Je, anasikia? Mtoto ambaye masikio yake hutoa usaha mara kwa mara huenda hasikii tofauti ya “pa” na “ba”. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya kawaida.

3. Je, amekula? Mwenye njaa au upungufu wa damu hashiki somo.

4. Je, aliwahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani, au degedege? Magonjwa hayo huweza kuacha athari katika kujifunza.

5. Je, anakielewa Kiswahili, au nyumbani husemwa lugha nyingine tu?

6. Je, umri wake ni upi? Kugeuza “b” na “d” kabla ya miaka saba ni jambo la kawaida.

Ukiyaondoa hayo yote, na mtoto amefundishwa kwa subira, bado herufi zinamkataa ingawa mambo mengine anayaweza, hapo fikiria disleksia. Kumbuka pia wapo wanaosoma vizuri lakini namba ndizo zinazowashinda, na wapo wasioweza kutulia hata dakika tano. Kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia.

Binti unayejiandaa kuwa mwalimu

Chuoni utafundishwa azimio la kazi, andalio la somo na zana za kufundishia. Vishike vizuri. Lakini ukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, ongeza na haya.

Anza na sikio kabla ya jicho. Dakika tano za kwanza piga makofi pamoja na darasa: nde-ge, m-to-to, ki-ji-ko. Waulize, “Nikiondoa ‘ki’ katika ‘kijiko’, kinabaki nini?” Mchezo huu hauhitaji kitabu hata kimoja, na watoto sabini huweza kuucheza kwa pamoja.

Fundisha kwa mkono pia. Mwache mtoto aandike herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Rome mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa msasa wazipapase. Wewe utakata maboksi, na vizibo vya soda au punje za mahindi zitakuwa za kuhesabia silabi.

Fundisha kidogo, rudia sana. Usiweke “b” na “d” katika wiki moja. Ishike “b” mpaka ikae, ndipo ulete nyingine. Silabi zenye “mb”, “nd”, “ng” na “ng’” zipe muda wake, maana hapo ndipo watoto wengi hujikwaa.

Usimsimamishe asome kwa sauti mbele ya wote. Aibu haijapata kumfundisha mtu kusoma. Msikilize pembeni, au mpe mwenzake mpole wasome wawili. Kipimo cha sayansi au maarifa ya jamii mpime kwa mdomo, ili ujue anachokijua. Vivyo hivyo kwa mwalimu wa watoto kanisani: mwachie mtoto huyo asimulie au aigize habari aliyoisikia, wala usimlazimishe kusoma fungu mbele ya watu.

Andika unachokiona. Weka daftari dogo: tarehe, neno alilokosea, alivyolikosea. Baada ya mwezi mmoja utaona makosa yana utaratibu wake. Daftari hilo litamfaa mwalimu atakayekupokea darasa kuliko maneno “mzito wa kuelewa”.

Na fimbo? Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zilieleza kwamba viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kukosea silabi si utovu wa nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya herufi hujifunza jambo moja tu: kutoroka shule.

Ukiona kazi hii inakugusa moyo, ujue kuna mahali pa kuisomea. Chuo cha Ualimu Patandi, karibu na Tengeru mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Nchini Kenya ipo taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Lakini usingoje mpaka uende huko. Mwezi Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote na kufundisha kulingana na mahitaji yao. Kwa hiyo mtoto huyu si wa mtaalamu peke yake. Ni wako wewe uliyesimama ubaoni.

Na wewe mama

Usimlinganishe na dada yake. Usimwambie, “Mwenzako alikuwa wa kwanza, wewe umemrithi nani?” Tafuta anachokiweza, iwe kuchora, kuhesabu, kutengeneza redio iliyoharibika au kuimba, umsifie kwa hicho kwa kweli, si kwa kumbembeleza. Jioni, akiwa ameshakula, soma naye dakika kumi tu. Wewe soma sentensi, naye airudie huku akifuatisha kwa kidole. Kama hujui kusoma vizuri, kaka yake afanye hivyo, nawe kaa karibu usikilize. Dakika kumi kila siku zinazidi saa mbili za kilio siku ya Jumapili.

Kisha nenda shuleni. Usiende kwa ugomvi, wala usingoje kuitwa. Chukua madaftari yake, umwambie mwalimu: “Mwalimu, mwanangu anajitahidi, lakini herufi zinamkataa. Hesabu za mdomo anaziweza. Naomba tusaidiane.” Mwalimu mwenye watoto sabini huenda hajawahi kuambiwa hivyo na mzazi yeyote, na huenda hajui kwamba mtoto yule anayenyamaza darasani, nyumbani ndiye msimulizi.

Mwalimu wa Percy alikwisha kuona kwamba mwanafunzi wake ana akili. Alichokosa ni njia ya kumfundisha, kwa kuwa siku zile hakuna aliyeijua. Sisi leo tunaijua, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni mchanga, makofi, vizibo vya soda na subira. Vitu hivyo haviuzwi ghali. Darasa la tatu likifunguliwa Januari ijayo, mtoto yule atakuwa amekaa dawati la nyuma, akiomba asiitwe jina. Mwite, lakini usimwite kusoma. Mwite asimulie hadithi, wenzake wamsikilize. Baada ya hapo, mpe herufi moja.