Bibi kuanguka sio lazima: tuibe kitu kwa wacheza baleti

Wadau, hapa Mombo ukitaja baleti mtu atadhani ni timu ya Ulaya. Ni ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole. Mwaka 2017 Royal Academy of Dance ya London ilianzisha madarasa ya Silver Swans kwa watu wa miaka 55 na kuendelea. Hawaruki sana. Wanashika bomba la ukutani, wanakunja magoti taratibu, wananyanyuka kwa vidole, wanahamisha uzito mguu huu kwenda ule.

Kwa nini nawaletea hii? Kwa sababu bibi akianguka tunasema "uzee huo", basi. WHO wanakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, waliopita miaka 60 wakiongoza. Na nyonga ikivunjika, hata akipona, shamba na sokoni mara nyingi ndio mwisho.

Mwili haupepesuki kwa sababu ya vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Uzeeni vyote vinapungua, na misuli ya miguu inalegea. Lakini mazoezi yanasaidia. Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane walijumlisha tafiti 108, wakakuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Ila tusidanganyane: dansi yenyewe bado haijathibitishwa. Huko Sydney wazee walifundishwa dansi, na matokeo ya 2016 yakaonyesha kuanguka hakukupungua. Kinachosaidia ni zoezi la kusimama linalomjaribu mtu asiyumbe, na kulifanya bila kuacha.

Kwa hiyo dansi tuwaachie, tuchukue bomba. Kwetu bomba ni mwimo wa mlango au kiti kizito. Bibi ashike, anyanyuke kwa vidole mara 10. Asimame mguu mmoja sekunde 10, abadilishe. Halafu akae kitini na kuinuka mara 5 bila kujisukuma kwa mikono. Afanye angalau siku tatu kwa wiki, wewe ukiwa pembeni. Kama ana kizunguzungu au ameshawahi kuanguka, kwanza hospitali.

Na kama choo kiko nje, tochi ilale karibu na kitanda. Kandambili zilizolika, tupa.

Wadau wa Soni na Lushoto, wazee wenu wanapanda na kushuka milima kila siku. Je, wanaanguka kidogo kuliko wa huku chini? Tupeni uzoefu.