Watoto Wetu Chini ya Bendera ya Almeida

Sisi wa Kurasini, tulio jirani na bandari, tumeutazama kwa mara ya kwanza mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires II. Mchezaji hukusanya chakula, miti, mawe na dhahabu, hujenga mji, kisha hupigana. Adui naye hangoji zamu. Unafunza kupanga.

Lakini katika nyongeza yake ya mwaka 2015, kisa kimoja humkabidhi mchezaji majeshi ya Mreno Francisco de Almeida, aliyeipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505.

Wazazi, tuketi na vijana wetu, tuwasimulie Kilwa aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Na adhana ikisikika, mchezo usimame.