Je, Hadithi za Majini na Mizimu Zinawapotosha Watoto Wetu?



Jioni moja mwezi uliopita, jirani yangu, mke wa koplo, alipiga hodi mlangoni pangu akiwa ameshika kitabu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Alikuwa amekikuta chini ya godoro la mwanawe wa miaka kumi na minne. "Mwalimu," aliniambia, maana watu wa kambini hawajaacha kuniita hivyo ijapokuwa siku hizi nafanya kazi ya ofisi, "mtoto huyu anasoma uchawi. Nikichome moto, au nimngoje baba yake?"

Nilikitazama kitabu. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Nilimkaribisha jirani yangu aketi, nikateleka chai, tukazungumza. Nayaandika mazungumzo yale kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye hofu hiyo.

Kwa hakika hofu yake haikosi msingi. Sisi tuliokulia katika laini za polisi twajua jinsi neno "mchawi" linavyoweza kuvunja ujirani wa miaka mingi. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, baba yangu akiwa sajini, fedha za upatu wa kina mama zilipotea. Kisanduku kilikutwa mahali pake, kimefungwa kwa kufuli, nacho ni kitupu. Ikasemwa kwamba fedha zimechukuliwa na jini, na kwamba mwenye jini ni mjane mmoja mzee aliyefuga paka mweusi na kuzungumza peke yake usiku. Kwa siku tatu hakuna aliyeitikia salamu yake. Siku ya nne vijana wakaanza kuokota mawe.

Baba alikwenda akasimama mlangoni kwa yule mama, akauliza swali moja tu: "Ufunguo wa kisanduku hiki hukaa kwa nani?" Kwa siku zote tatu swali hilo halikuwa limeulizwa na mtu yeyote. Waliokuwa na ufunguo walikuwa wawili, na kabla ya magharibi mmoja wao alikuwa amekiri. Fedha zilirudi karibu zote. Yule mjane hakurudia kuzungumza nasi kama zamani, na baada ya miezi michache alirejea kwao. Baba alizoea kusema kwamba fedha zililipwa, lakini deni la mama yule halikulipwa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo jirani yangu hakulitazamia. Kitabu kile alichotaka kukichoma ndicho baba yangu alichokuwa akitusomea usiku, nakala iliyochakaa aliyopewa na mwenzake aliyeileta kutoka Tanzania. Kitabu hicho kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Wengi wako tayari kuamini kwamba hiyo ni kazi ya mizimu. Lakini Bwana Msa, mvuta kiko asiyekuwa na haraka, haridhiki na jibu hilo. Akiwa na rafiki yake Najum, anapima maneno ya kila mtu, anatafuta nani alikuwa wapi, na nani alikuwa na sababu. Sitawaambia alichogundua. Itoshe kusema kwamba katika kitabu hiki mzimu ni pazia, na kazi ya akili ni kulifungua pazia hilo.

Jirani yangu alinisikiliza, kisha akauliza kwa busara: "Basi na zile hadithi ambazo uchawi wake ni wa kweli mle ndani?"

Nilimtolea kitabu kingine, Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Humo mna majini hasa, mna mapenzi, na mna fumbo. Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kwa ajili ya kodi, naye anamkuta mtawala wa huko, Adili, mtu mwema asiyekuwa na doa. Lakini usiku anamwona akiwapiga nyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwahurumia na kuwalisha. Mtu mwema awezaje kufanya hivyo? Hilo ndilo fumbo. Nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu alipompata msichana Mwelekevu katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe. Jini wa kike, Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa katika hatari, ndiye aliyewageuza nyani na kumwamuru awapige kila usiku.

Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela Ulela. Katika hadithi ile ya zamani wale ndugu hawaachi uovu wao, na mwisho wanauawa. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake, ndugu wanaombewa, wanarudishiwa umbo la binadamu, wanatubu, na nyumba ya baba yao inasimama tena. Angalieni basi kazi ya uchawi katika kitabu hiki. Hasidi na Mwivu walikuwa wameacha utu tangu siku walipomtosa ndugu yao, na Huria aliwapa tu sura iliyolingana na matendo yao. Ni watoto wangapi katika kambi zetu wanaogombana na ndugu zao kwa wivu wa shati au sahani ya nyama?

Yafaa nikiri kwamba si kila hadithi ya namna hii ni njema. Zipo ambazo msichana anampata mume kwa dawa ya mapenzi, na mganga anamtaja mwizi kwa kutazama maji kwenye bakuli, wala mwandishi haulizi ufunguo ulikuwa kwa nani. Hizo sizisifu. Kwa hiyo, mzazi akikuta kitabu chini ya godoro, akisome kwanza, kisha ajiulize mambo matatu. Uchawi huu unafichua tabia za watu, au unawaondolea lawama? Mapenzi haya yanapatikana kwa subira na uaminifu, au kwa hila? Na fumbo hili linafunguliwa kwa akili na ushahidi, au kwa kumwonyesha kidole mnyonge? Kitabu kikishinda katika hayo, kirudishwe kwa mtoto, tena mchana, asikisome gizani akachosha macho.

Kuna faida nyingine. Hapa kwetu Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kilijulikana kuwa lugha ya jeshi na polisi, na watoto wengi wa kambini walianza kukisikia katika amri za gwaride. Katika riwaya hizi wanakuta kwamba lugha hiyohiyo yaweza kubembeleza, kuomba radhi na kutoa hoja. Nao waandishi wake hawakuwa watu wa mbali nasi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri. Walikuwa watumishi wa serikali kama sisi.

Jirani yangu aliondoka na kitabu chake, akisema ataamua. Baada ya siku tisa alirudi, safari hii bila hata kupiga hodi. Hakutaja uchawi.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu amekichukua kabla sijamaliza, naye amekwenda nacho shuleni. Tafadhali niambie, ni nani aliyemuua Bwana Ali?"

Nilimkatalia. Nilimwambia amngoje mwanawe, kisha wamalizie kusoma pamoja.