Gofu ndani ya kambi ya jeshi: nani anaruhusiwa kupita langoni?

Simama Maungu jioni, pale malori ya Mombasa yanapoegesha kulala, kisha umwambie jamaa kwamba unataka kucheza gofu. Atakuuliza kama umekula. Maji yenyewe huku tunayasaka kwa mitungi, na bomba la Mzima linakatiza kaunti yetu likiwahi Mombasa. Nyasi za kumwagilia utazitoa wapi?

Swali zuri, tutalirudia. Kwanza tuvuke mpaka.

Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna kambi ya jeshi inayoitwa Lugalo. Jina hilo si la mchezo: ni mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwachapa Wajerumani mnamo Agosti 17, 1891. Zamani kambi iliitwa Colito, na ndiko wanajeshi wa Tanganyika Rifles walikoanzia maasi Januari 1964. Leo katika eneo hilohilo kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18 ulio chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Usidhani ni wa majenerali peke yao. Raia wanacheza, chipukizi wanafundishwa, na wachezaji wa klabu nyingine huja kushindania Kombe la Mkuu wa Majeshi.

Wewe na mimi tukiona lango la kambi, kama pale Mariakani, tunanyamaza na kuficha simu. Ni sawa, kambi ni kambi. Lakini Lugalo inaonyesha kuwa usalama na mtoto wa raia mwenye fimbo ya gofu wanaweza kukaa eneo moja.

Na wajua nani alionja gofu kupitia jeshi? Tiger Woods. Babake, Earl Woods, alistaafu jeshi la Marekani akiwa luteni kanali na kumbukumbu za Vietnam, hivyo alikuwa na ruhusa ya kucheza kwenye uwanja wa jeshi la wanamaji huko Cypress, California. Dogo alikuwa akimfuata. Bila kitambulisho cha mzee, ule mlango ungekuwa ukuta tu. Hapo ndipo gofu inaponikera: kipaji kinaanza na unamjua nani.

Marekani ina viwanja zaidi ya 100 vya aina hiyo, na si kila mlipa kodi anafurahia. Miaka ya 1970 Seneta William Proxmire aliwapigia kelele wakubwa wa Pentagon kuhusu pesa zilizokuwa zikienda huko. Alikuwa na hoja. Ardhi ya umma ikifungiwa wachache wapige mpira Jumamosi, inauma. Ikifunguliwa kwa watoto wa mtaa, hadithi inabadilika.

Sasa turudi kwa maji. Gofu haihitaji zulia la kijani kila mahali. Klabu nyingi za zamani za Afrika Mashariki, hasa kwenye ukame, zilicheza kwenye mchanga uliochanganywa na oili. Eneo la shimo linatandazwa mchanga huo, na ukimaliza kucheza unauburuta kwa chombo ili uwe laini kwa anayekufuata. Hakuna kumwagilia. (Oili haikosi kwenye gereji za Maungu, lakini usinielewe vibaya: kuimwaga ardhini ovyo ni uchafuzi.)

Kwa hivyo kikwazo si ukame peke yake. Fimbo ni ghali, kocha hakuna, na viwanja vya Mombasa viko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Nauli ya kwenda na kurudi kila wikendi itakumaliza kabla hujajua kushika fimbo.

Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, wengi wetu hatuendi, kisha tunalalamika WhatsApp. Nenda. Usiombe mashimo 18, watakucheka. Omba kipande cha ardhi kavu, fimbo chache za mitumba, na mwalimu mmoja wa kuja mara mbili kwa mwezi. Na ukiwa na mjomba au shangazi jeshini, muulize swali moja: kwenye kambi yao kuna uwanja gani wa michezo, na watoto wa nje wanaingia siku gani?