Mboka ya Kuuza Ulinzi wa Saiba kwa Kampuni za Sola na Upepo: Rada Ndio Hii

Ukipita Luthuli Avenue utaona sola zimepangwa kwa maduka kama mitumba Gikomba. Panda mathree ya Westlands ama Kilimani, inua macho: zimejaa juu ya maghorofa. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Wasee wa kuuza sola ni wengi. Wa kuuza ulinzi wa hizo mashine ni wachache, na hapo ndio kuna doo.

Kwanza, ni nini inalindwa? Inverta nyingi za siku hizi ziko na kadude ka Wi-Fi kanatuma data kwa apu, ndio fundi acheki mashine ya Kitengela akiwa Kangemi. Sola ya lipa pole pole, kama zile M-KOPA walianza kuuza 2012, inafunguka ukilipa kwa simu. Lake Turkana Wind Power iko na mitambo 365 huko Marsabit, jumla megawati 310. Hakuna msee anaweza panda kila mlingoti kuangalia. Kazi inafanywa kwa netiweki. Na pahali fundi anaingia akiwa mbali, mwizi pia atajaribu, haswa kama paswadi bado ni ile ya kiwandani.

Hizi si stori za jaba. Disemba 2015, mahaka walizimia wateja kama 225,000 stima huko Ukraine. Februari 2022, netiweki ya setilaiti ya Viasat ilivamiwa, na Ujerumani kampuni ya Enercon ikapoteza mawasiliano na mitambo 5,800 ya upepo. Ilizidi kuzunguka, lakini hawangeweza kuichunga wakiwa mbali. Hapa kwetu, Julai 2023 eCitizen iliangushwa, na siku hizo watu wakahangaika kununua tokeni za stima.

Sasa, ukipewa timu ya mauzo, unaanzia wapi?

1. Tafuta injinia, si msee wa IT peke yake. Kompyuta ya ofisi unaweza kuizima usiku uipige apdeti. Mtambo wa stima hauzimwi hivyo. Ukianza na hiyo lugha, ushamkosa. Muulize: "Mkipoteza hii skrini masaa sita, hasara ni ngapi?" Jibu lake ndio itapima bei yako.

2. Jua sheria. Kampuni ya sola ya lipa pole pole inaweka namba za ID, simu na mahali mteja anaishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ikivuja na iko hatari kwa wenyewe, Kamishna aambiwe ndani ya masaa 72. Faini inaweza kufika milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iko chini. Bosi wa fedha anaelewa hiyo hesabu haraka kuliko neno "mahaka".

3. Usiguse sistimu ya mtu bila ruhusa ya kuandikwa. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 haikubali kuingia bila ruhusa. Ukipenya ndio umwonyeshe mteja shimo, unaweza jipata kortini badala ya kusaini dili.

4. Changanya wateja. KenGen na Kenya Power ni mashirika ya umma, so wananunua kwa tenda, na tenda hukawia. Ukingojea hao pekee, timu italala njaa. Mafundi wadogo wa sola wa Kilimani na Lavington wanaweza anza na kitu simpo: kubadilisha paswadi, kutenga netiweki ya inverta na ya wageni, na kujua nani ako na ufunguo wa apu.

5. Usilipe timu kwa komisheni tupu. Msee mwenye njaa atauza uoga, ama auzie mteja vitu hahitaji. Mwaka ukiisha mteja anahama, na kwa hii biashara mainjinia wanajuana.

Kumbuka pia nani ako mwisho wa waya. Mtambo ukizimwa na mwizi, bosi atapigiwa simu, lakini mama wa kibanda ndio ataoza maziwa kwa friji. Ukiuza ukijua hivyo, hutauza fiksi.