Kuta za biashara za Likasi

Jua la Oktoba ni kali Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, na waliojenga maduka ya katikati ya mji walilijua hilo. Mbele ya duka waliweka baraza pana yenye nguzo, mteja atazame bidhaa akiwa kivulini, na mvua za Novemba zikianza asilowe. Leo ni hapo wanapokaa fundi viatu, mwuza inite za simu na mama wa vitenge. Wapita njia wachache huinua macho juu yao.

Na huko juu ndiko kwenye uhondo. Mabati yamefichwa nyuma ya ukuta mfupi ulionyooka, kona za njia panda zimeviringwa, mistari ya saruji inapita juu ya madirisha. Ni mtindo wa miaka ya 1930. Lipu ikibanduka, tofali la kuchoma linaonekana, jekundu. Katanga udongo wa matofali mara nyingi ulitolewa kwenye vichuguu, maana mchwa huwa wameshauchambua na kuulainisha. Fundi alibaki na kazi ya kufyatua na kuchoma.

Fedha ilitoka kwenye shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa na kiwanda chake cha Shituru kikifanya kazi kufikia 1929, na mwaka 1931 mji ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyewahi kusimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou huko China. Lakini wenye maduka walikuwa watu wengine: Wagiriki, Waitalia, Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Wengi wao waliuza chini, wakalala ghorofani. Mfanyakazi Mwafrika alikuja kununua, kisha akarudi mtaa wa Waafrika wa Kikula au kambi ya kampuni. Kuishi katika mtaa wa maduka hakuruhusiwa. Uzuri wa kuta hizi haufuti jambo hilo, na anayezisimulia asiliruke.

Jina la Likasi lilirudi 1966. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza biashara za wageni zipewe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na nchi nzima maduka mengi yakaangukia mikononi mwa watu wasiowahi kuuza hata sabuni. Waliuza akiba waliyoikuta, rafu zikabaki tupu. Miaka ya 1992 na 1993 ikawa zamu ya wenye asili ya mkoa wa Kasai kufukuzwa: waliacha nyumba na biashara, maelfu wakapiga kambi stesheni ya Likasi wakingoja treni.

Mwenye duka anayeziba baraza kwa ukuta wa kioo hupata mita chache za nafasi; joto nalo huingia ndani, na mpita njia hunyeshewa. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inairuhusu serikali kuorodhesha na kulinda majengo ya thamani. Kazi ya kuyaorodhesha inaweza kuanza na kamera, futi ya kupimia na daftari, jengo moja baada ya jingine, na wazee wa Kikula waulizwe nani aliuza nini wapi.